Dar Karibu Kuliko Kaoze

Isdori alianza kupoteza sauti wakati wa palizi. Mwanzoni watu wa kijiji cha Pito walidhani ni baridi, maana mvua za mwaka huo zilikuja na upepo, na mtu aliyekuwa katekista miaka mingi, akiongoza nyimbo na kusoma masomo kila Jumapili, koo lake halikosi kuchoka. Mkewe Cornelia alimchemshia tangawizi, akamfunga skafu shingoni. Sauti ikazidi kukwaruza, kisha ikabaki ya kunong'ona. Mwezi wa tano madaktari wa Mbeya walimweleza binti yao Avelina kwamba uvimbe kooni umeshasambaa, afadhali mzee arudishwe nyumbani akae na watu wake.

Watu wake walikuwa wachache. Avelina alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda sokoni Sumbawanga mjini, na hakukosa kuja nyumbani kila Jumapili. Mwingine alikuwa Modesti, mdogo wake Avelina, aliyekuwa Dar es Salaam katika kampuni ya kukagua minara ya simu. Modesti hakuwa amekanyaga uani kwao kwa miaka tisa.

Kisa chake kilijulikana Pito nzima. Alikuwa seminari, Isdori ameshawatangazia watu kwamba nyumba yake itatoa padri, kijana akaacha. Alirudi na sanduku lake siku ya Jumapili, watu ndio wanatoka misa, na baba yake akamsimamisha pale pale uani mbele ya majirani.

"Usirudi hapa mpaka uwe mtu," Isdori alimwambia.

Modesti aligeuka na sanduku lake. Hata maji hakunywa.

Isdori alikuja kujuta, ingawa hakutamka hivyo. Modesti alimpigia mama yake simu, akatuma picha za harusi, halafu picha za mtoto. Baba akipewa simu walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, wakanyamaza mpaka Cornelia achukue simu yake. Na kila Cornelia alipomsihi kijana aje, jibu lilikuwa moja.

"Mama, huku ni mbali. Siku mbili njiani kuja, siku mbili kurudi. Likizo yote inaishia barabarani."

Cornelia aliliamini. Wenzake wa jumuiya walipomuuliza habari za mwanawe aliwajibu hivyo hivyo, Dar ni mbali, na mumewe akikaa kimya jioni akitazama moto, alimwambia hivyo naye.

Sasa Isdori alimtaka mwanawe. Siku moja alimvuta Cornelia mpaka sikio likakaribia mdomo wake, akanong'ona, "Modesti. Aje. Nina neno naye."

Avelina akapiga simu, akaiweka sikioni kwa mzee. Upande wa pili Modesti alisikia pumzi na mkwaruzo tu. "Baba? Sikusikii, baba. Nadhani ni mtandao." Isdori aliisukuma simu kwa kiganja, akafumba macho.

"Neno gani, baba Avelina?" Cornelia alimuuliza walipobaki wawili. "Niambie mimi nimfikishie."

Isdori alitikisa kichwa. Lilikuwa neno la kusemwa macho kwa macho.

Avelina ndiye aliyetoa shauri. "Mama, nenda ukamlete. Ndege siku hizi inatua hapa hapa Sumbawanga. Tukimngoja aje mwenyewe, hatamkuta baba akiwa hai."

"Mimi? Kwa ndege? Na nani atamgeuza baba yako kitandani?"

"Mimi. Nafunga kibanda."

Basi Cornelia akafungasha. Aliweka unga wa ulezi wa kusaga kwa ajili ya uji wa mjukuu, na migebuka mikavu, samaki wa ziwa kutoka Kasanga, aliyoiviringisha kwenye magazeti na mifuko mpaka ikaacha kunuka, au alivyodhani yeye. Alivaa koti lake la sufu, maana ilikuwa mwezi wa sita na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Isdori aliinua mkono kutoka kwenye blanketi, akaonyesha vidole viwili, yaani warudi wawili, mama na mtoto. Cornelia akaviinua viwili vyake kumjibu.

Ndani ya ndege alikaa kando ya Msukuma mmoja, Nyanda, mfugaji wa bonde la Rukwa, mtu mwenye kofia pana na simu mbili. Nyanda alimsaidia kufunga mkanda.

"Mara ya kwanza, mama?"

"Mara ya kwanza, baba. Tutafika lini?"

Nyanda alicheka, ila si kwa dharau. "Lini? Ni saa moja na dakika arobaini. Ukisinzia umefika."

Cornelia alidhani anataniwa. Alitoa rozari yake, akapanga kusali mafungu yote, akimaliza aanze tena, na tena, mpaka siku iishe. Alianza na matendo ya furaha. Milima ya Mbizi ilipita chini kama matuta ya ulezi yaliyolala, kisha mawingu. Akasali matendo ya mwanga, akasali matendo ya uchungu, na hapo akamwombea Isdori kwa jina. Alikuwa katikati ya matendo ya utukufu sauti ikatangaza kwamba wanaanza kushuka Dar es Salaam, abiria wafunge mikanda.

Alimgeukia Nyanda. "Tumefika wapi?"

"Dar, mama. Si nilikwambia? Mimi kutoka kwetu bondeni mpaka uwanjani nimetumia kutwa nzima, pikipiki, lori, kupanda milima ile. Huku angani mtu husafiri kweli?"

Cornelia alikuwa mzaliwa wa Kaoze, huko huko bondeni. Dada yake bado alikaa huko. Kumtembelea kulimchukua kutwa nzima kiangazi, na masika hakukuwa na uhakika hata wa kufika, na hata hivyo alikwenda kila mwaka, akiwa na mtoto mgongoni enzi hizo, sasa na magoti mabovu. Rozari ilimlegea mkononi. Dar ilikuwa karibu kuliko Kaoze. Miaka tisa alikuwa amewaambia watu Dar ni mbali.

Labda ni bei, alijiambia ndege ilipogusa ardhi. Labda likizo ni ngumu. Alizitafuta sababu nyingine moja moja, akavua koti kwa sababu joto lilimpokea mlangoni kama mvuke wa sufuria.

Modesti alikuwa anamngoja nje. Alikuwa amenenepa na ana kipara kinachoanza, kile kile cha babu yake. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, na Cornelia akazisahau hesabu zote za njia. Katika gari alimwambia kilichomleta. "Baba yako anakwenda, mwanangu. Anataka kukuona. Twende wote Alhamisi."

"Nimesikia, mama," alisema Modesti. "Tule kwanza."

Nyumba yake ilikuwa Goba, nzuri, ina geti na vigae. Mkewe Sharon alipiga goti kidogo mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mjukuu, Jenifer, msichana wa miaka mitatu, alimtazama bibi yake kutoka nyuma ya sketi ya mama yake, kisha akamfuata kila alikokwenda. Chakula kilipoandaliwa Modesti alikuwa nje anaongea na simu. Sharon alifungua kifurushi cha migebuka akashangilia.

"Mama, unatuharibu kwa zawadi! Hata yale maharage uliyompa Modesti kabla ya Pasaka hatujayamaliza. Na ile asali! Nilimwambia, ungenipeleka na mimi siku moja, si kila ukienda kikazi kwenda kuwaona wazee peke yako."

Cornelia alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alikiweka mezani polepole.

Hakuwa ametoa maharage wala asali. Kabla ya Pasaka hakuna mtu aliyefika Pito. Sharon alikuwa anatabasamu, akimngoja aseme kitu, na Cornelia aliona wazi kwamba binti huyu hajui lolote.

"Karibuni," alisema. "Mwaka huu yameiva vizuri."

Alikula kidogo. Usiku wote akasikiliza feni.

Asubuhi, kabla Modesti hajaenda kazini, Cornelia alimkuta anafuta kioo cha gari uani. Alisimama upande wa pili wa gari.

"Ulikuja Sumbawanga mara ngapi?"

Modesti aliendelea kufuta mahali palipokwisha safika. "Mara tatu, mama."

"Ukalala wapi?"

"Hotelini mjini. Kazi ilikuwa minara ya kule. Maharage nilinunua sokoni."

"Sokoni kwa dada yako."

"Nilipita upande mwingine."

Cornelia alishika ukingo wa gari. Pito ilikuwa hapo tu kutoka mjini, watu hupeleka mboga asubuhi na kurudi kabla ya jua kuwa kali. "Kwa nini, Modesti?"

"Mara ya mwisho nilifika," alisema. "Nilikodi gari nikafika mpaka njia ya kanisani. Nikamwona baba anatoka misa. Ana skafu shingoni, ana fimbo. Akasimama kuongea na watu, yaani watu ndio wanaongea, yeye anatikisa kichwa. Nikasema nishuke. Mkono uko kwenye kitasa, mama. Sikushuka."

"Alikuwa ameshaanza kuumwa."

"Sikujua kama anaumwa hivyo."

"Ungeshuka ungejua."

Modesti alikikunja kitambaa, akakikunjua. "Huku nina nyumba, nina mke, wananiita bosi. Nikitua kule, ndege ikifungua mlango tu, ule upepo ukinipiga, ninakuwa yule yule wa sanduku. Aliniambia nisirudi mpaka niwe mtu."

"Ameshalisahau neno hilo."

"Mimi sijalisahau."

"Hata yeye hajalisahau," Cornelia alisema, maana alikuwa amechoka na uongo. "Nimekosea. Linamla kuliko huo uvimbe. Ndiyo maana anakutaka. Ana neno la kukwambia na sauti hana, lazima uweke sikio lako mdomoni mwake. Hilo kwenye simu haliwezekani. Tulijaribu. Mwanangu, nakuomba. Mimi mama yako nakuomba."

Modesti alilia, akaegemea gari kama mtu anayetapika. Mchana huo alimtumia mama yake picha ya tiketi yake ya Alhamisi. Cornelia akampigia Avelina. "Mwambie baba yako tunakuja wawili."

Alhamisi Sharon aliwaaga getini na kumpa Cornelia kanga mbili za kumpelekea wifi yake. Njiani Modesti aliongea sana. Alimweleza mama yake habari za minara, jinsi watu wanavyopanda bila kuogopa, na jinsi Jenifer alivyokataa kunyonya mapema. Walipofika uwanjani alibeba mizigo yote, ya mama na begi lake dogo, mpaka kwenye mstari wa ukaguzi. Hapo akajipapasa mifuko.

"Mama, nimeacha kitambulisho kwenye gari. Tangulia, nakuja sasa hivi."

Cornelia akatangulia. Watu wa ukaguzi walimsaidia, akapita, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Abiria waliingia mmoja mmoja. Kila mwanaume mwenye shati la bluu alimfanya ainuke kidogo. Ndege ya Sumbawanga ikatangazwa, watu wakapanga foleni, na yeye akabaki ameketi na mkoba mapajani. Kisha likaitwa jina la Modesti kwenye vipaza sauti, jina lote pamoja na la baba yake, mara mbili. Isdori alitajwa mbele ya umati wa watu wasiomjua.

Simu yake ikalia.

"Mama, panda," Modesti alisema.

"Uko wapi?"

"Niko kwenye maegesho. Nimekaa ndani ya gari."

"Shuka, baba. Bado hawajafunga. Shuka uje, nitawaambia wakungoje."

Alimsikia anapumua. "Nitakuja Jumamosi. Naapa, mama. Jumamosi."

"Modesti, shuka."

"Nimeshindwa, mama."

Mhudumu mmoja alimjia, akamshika kiwiko kwa adabu. "Mama, mwenzako yuko wapi? Tunafunga."

"Hakuna mwenzangu," alisema Cornelia, akainuka.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Safari hii hakusali. Aliitazama nchi yote ile ikipita chini, mito, misitu, barabara nyembamba zenye vumbi, na aliwafikiria watu waliomo wanaotumia siku nzima kufika kwa wagonjwa wao.

Avelina alikuwa uwanjani na bajaji. Alimtazama mama yake, akatazama mlango nyuma yake, akapokea mizigo. Walikuwa karibu kufika Pito ndipo aliposema, "Mama, jiandae. Baba ameomba anyolewe."

Isdori alikuwa amekalishwa kwenye kiti sebuleni, amevaa koti lake la ukatekista lililokuwa sasa linamwelea kama la mtu mwingine. Mashavu yalikuwa safi, yamechubuka mahali pawili kwa wembe. Cornelia alipoingia, macho ya mzee yalimpita yakaenda mlangoni. Yakakaa huko. Avelina akaingia na mizigo. Yakakaa tena.

"Kazi zimembana," alisema Cornelia. "Anakuja Jumamosi. Ameshakata tiketi, nimeiona kwa macho yangu."

Isdori alimwita kwa kidole. Alipoinama, alinong'ona, "Amenenepa?"

"Amenenepa. Ana kipara cha babu yake."

Mzee akatingisha mabega kidogo, labda alicheka. Kisha akaomba avuliwe koti.

Jumamosi ndege ilipita juu ya Pito, na Isdori aliigeuzia sikio. Walikaa wakisubiri pikipiki au gari lolote. Zilipita mbili, zikaendelea na safari zao. Jioni Modesti alipiga simu, akasema wiki ijayo bila kukosa, na Cornelia hakuyafikisha maneno hayo chumbani. Isdori naye hakuuliza tena. Padri alikuja akampa mpako wa wagonjwa. Jumanne, jua limeshapanda na Avelina anamlowanisha midomo kwa pamba, alikata roho.

Alhamisi mchana Modesti alikuwa Pito. Alikuja na Sharon na mtoto, kwa ndege, wote wamevaa nyeusi, na gari la kukodi likaingia uani palipojaa watu. Wazee walimpokea kwa heshima. "Mtoto amefika upesi," walisema. "Zamani angekuta kaburi limeota majani. Hii ndege imetusaidia." Cornelia aliyasikia akiwa amekaa kwenye mkeka kati ya kina mama, akaitikia kwa kichwa kama wenzake. Modesti alibeba jeneza upande wa kichwa. Alitupa udongo, akashindwa kuondoka kando ya shimo mpaka Avelina alipomshika mkono. Kwenye chakula mmoja wa wajomba alisimama akamsifu mbele ya watu wote, kwamba sasa Isdori ameacha mtu.

Watu walipopungua, Modesti aliingia katika chumba cha baba yake. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa godoro, kamba zinaonekana. Alikaa kwenye ukingo wa mbao. Cornelia alimkuta hapo.

"Alisema nini, mama?"

"Kuhusu nini?"

"Lile neno. Si alikwambia? Mwishoni lazima alikwambia."

Cornelia alikaa kando yake. Alijua jinsi ingekuwa rahisi. Alilijua neno, au alikuwa na hakika analijua, na kama angelitamka kwa sauti yake Modesti angelishika maisha yake yote. Lakini alikuwa amemdanganya Sharon kwa ajili yake, na Isdori, na jumuiya nzima kwa miaka tisa bila kujua, na alipotafuta ndani yake nguvu ya uongo mwingine hakuiona.

"Hakusema."

"Hata kidogo?"

"Alikuwa anakungoja wewe."

"Unadhani angesema nini?"

"Sijui, mwanangu. Lilikuwa lako."

Modesti aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Cornelia aliuweka mkono mgongoni mwake, akausikia mgongo ule mpana ukitetemeka. Nje akina mama walikuwa wanasugua masufuria, mmoja anauliza chumvi imewekwa wapi. Alikaa naye mpaka giza likaanza kuingia.

Kesho yake waliondoka, maana Modesti alikuwa na kazi. Sharon aliaga kila mtu, akalia. Modesti alimkumbatia mama yake huku gari linaunguruma. "Krismasi tutakuja wote, mama," alisema. "Tutakaa wiki nzima."

"Haya," alisema Cornelia.

Kamba za viatu vya Jenifer zilikuwa zimefunguka. Cornelia alipiga magoti kwenye vumbi akazifunga, moja, kisha nyingine, akambeba akamwingiza garini.